Pete za Dresa Mwaringa

Mheshimiwa Bwana DC. Chifu wetu Bonaya pamoja na wazee wa baraza. Mwalimu wa madrasa. Mwalimu wa skuli ya Kulesa na kwaya yako iliyotuimbia hadi ndama wakanyamaza. Akina mama wenzangu wauza maziwa. Ndugu wageni waalikwa mliofika kwa miguu, kwa punda na kwa mtumbwi. Nanyi ndugu zetu ambao hamkualikwa ila upepo umewapelekea harufu ya pilau: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni Dahabo, mjane wa marehemu Guyo. Wengi wenu mwanijua kwa maziwa. Kiswahili changu nilikiokota Kipini nikiuza samli, kwa hiyo kama kuna neno litatoka na tope, tafadhalini lioshwe hukohuko lilikoangukia. Chifu ameniambia niseme kwa ufupi. Chifu, wewe ni Muorma kama mimi, na ufupi wetu waujua: twaanza ng'ombe wakienda malishoni, twamaliza wakirudi.

Tumekusanyika leo mbele ya zahanati yetu ya Garsen kumuaga Dresa Mwaringa, msaidizi wa daktari aliyekuwa akitutibu, ambaye serikali yampeleka Lamu. Mtazameni alivyokaa. Kaptula yake ina mkunjo ambao ungeweza kukata nyama. Alipofika kwetu kutoka Ugiriamani alikuwa na mkunjo uleule, sanduku la dawa, na siri moja ambayo haikudumu hata hadi adhuhuri: Dresa Mwaringa anaogopa ng'ombe. Nawauliza, ndugu zangu, mtu anayeogopa ng'ombe analetwaje kwa Waorma? Je, anayeogopa maji hupewa kazi ya kuvusha watu mtoni? Hayo tumwachie Bwana DC. Sisi tumejibu kwa njia yetu: yule mtamba mweupe aliyefungwa pale kwenye mti ni zawadi yako, Dresa. Ndiyo, ni wako. Usitazame pembeni, ni wako, na ataingia lorini pamoja nawe.

Sasa niwaeleze kwa nini nimepewa heshima ya kusema mbele ya wazee.

Mnajua nilikuwa mgonjwa wa baridi yabisi. Asubuhi vidole vyangu vilikuwa vimefura kama mihogo iliyolowekwa, na vigumu kama mihogo ambayo haijalowekwa. Kufunga shuka ni kazi, kushika kikombe ni kazi, na kukamua ndiyo kabisa. Ng'ombe ni mnyama mwenye heshima zake. Ukimkamua kwa nguvu husimama; ukimtekenya hukasirika. Vidole vyangu vilikuwa vikitekenya tu. Nilipigwa mateke hadi majirani wakadhani nimeanza kujifunza ngoma.

Ndipo shemeji yangu Halkano, ndugu wa marehemu, akaja mkono wake kifuani. Shemeji, nakuona pale, na nitasema yaliyo kweli tu. Alisema, "Mke wa ndugu yangu, mikono yako imekufa. Waache ng'ombe waje kwangu, nawe uje ukae na mke wangu Sadia, upumzike."

Alisema kwa huruma, sikatai. Lakini akina mama, mwanamke asiye na ng'ombe wake ni nani katika boma la mwenzake? Ni mgeni, na mgeni asiyeondoka. Wale ng'ombe Guyo aliniachia kwa kinywa chake mwenyewe. Usiku ule nililia kwa hasira, kisha hata machozi nikashindwa kuyapangusa vizuri. Wazee wakaamua tungoje masika: mvua kubwa ikianza na mikono yangu haijaamka, ng'ombe watahamia kwa Halkano.

Basi nikaenda zahanati.

Siku hiyo nilimkuta Kombe, mkulima wa Kulesa, huyu aliyekaa karibu na sufuria. Kombe alikuwa na goti. Dresa hakuwa hata amelifikia; alikuwa bado ananawa mikono, na Kombe tayari analia, "Yoo! Mama yangu! Polepole!" Dresa akasema, "Sijakugusa." Kombe akajibu, "Najua, lakini unakuja."

Zamu yangu ikafika. Dresa akabonyeza kiungo cha kwanza cha kidole. "Je, Mama Dahabo, yauma?"

"Hapana."

Akabonyeza cha pili. Nikaona nyota mchana. "Yauma?"

"Hapana."

Akabonyeza kifundo cha mkono. Marehemu bibi yangu akanipungia mkono kutoka peponi. "Yauma?"

"Hata kidogo."

Dresa akaandika kwamba Kombe yu mahututi, na Dahabo ni mzima kabisa. Akanipa vidonge vya mafua.

Nawauliza, angejuaje? Sisi tumelelewa kwamba mwanamke haonyeshi maumivu mbele ya mwanamume, sembuse mbele ya mwanamume aliyevaa kaptula. Lakini nilipoinuka kwenda, nilishindwa kufungua mlango. Nilisukuma kwa kiwiko, nikasukuma kwa bega, mwisho nikasukuma kwa kichwa. Dresa akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, rudi ukae. Wewe nimekwisha kukuuliza. Sasa nitaviuliza viungo vyenyewe."

Na hapo, Bwana DC, ndipo nilipomwona mtu akifanya kazi. Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya viungo vyangu, kimoja baada ya kingine, kama mama anayepima homa ya mtoto, akitafuta kipi kina joto. Kisha akaviminya taratibu, bila kuniuliza, akitazama kope zangu badala ya mdomo. Akanieleza: "Uvimbe ulio mgumu kama mfupa ni wa zamani, umekwisha kukaa, nami siwezi kuuondoa. Lakini huu laini, wenye joto, unaobonyea kama unga uliokandwa, huo ni moto unaowaka sasa. Moto huzimwa. Nataka kujua una moto mahali pangapi, na ni mkubwa kiasi gani."

Akaleta kile kimfuko cha mpira cha mashine ya kupimia presha, akakijaza upepo kidogo, akanipa mkononi. "Finya." Nikafinya kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Ile zebaki kwenye kioo ilitikisika kidogo, kama mzee aliyeitwa yumo usingizini, kisha ikalala tena. Dresa hakucheka. Kombe, ambaye alikuwa hajaondoka, ndiye aliyecheka.

Mwisho akatoa pete. Pete za shaba, zimetungwa kwenye waya kama samaki wa kuuza, kila moja na ukubwa wake. Ni za kupimia vidole: aona ni pete ipi inayopita juu ya kiungo, na mwezi ujao atazama kama itapita ndogo zaidi. Akavisha, akatoa, akavisha, akatoa. Alipofika kidole hiki cha tatu, akavisha. Akavuta. Akavuta tena. Jasho likamtoka. Kiungo kilikuwa kimeudhika kwa kubonyezwa, kikafura zaidi, na pete imeshapita upande wa pili.

"Haikubani?" akauliza.

Safari hii nilisema kweli. "Haibani. Yazunguka hapa chini vizuri. Ila haitoki."

"Basi nenda nayo nyumbani," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho alfajiri nitakuja mwenyewe. Hata hivyo nataka kuuona huo ugumu wa asubuhi kwa macho yangu, nijue wachukua muda gani kuachia."

Ndugu zangu, neno "alfajiri" na neno "nyumbani kwa mjane" si maneno ya kuwekwa pamoja, lakini Dresa alikuwa akifikiria viungo tu.

Alfajiri akafika. Mimi bado ndani nahangaika na shuka, nikasikia kishindo, nikasikia "Mama wee!", nikatoka. Ng'ombe wangu mwekundu, ambaye hakutaka ila kunusa ule mkunjo wa kaptula, alikuwa amesimama katikati ya boma akishangaa. Dresa Mwaringa alikuwa juu ya ua. Ua letu ni la miiba. Alikuwa ameliparamia kama mtu anayepanda kitanda.

Nilimshusha, nikamlaza kifudifudi juu ya ngozi, nikaanza kumtoa miiba kwenye mashavu ya miguu. Iliyokuwa juu zaidi ya hapo aliitoa mwenyewe baadaye, na hatukumuuliza. Vidole vyangu vilikataa. Nashika mwiba, wateleza, nashika, wateleza. Nikasema, "Dresa, nisamehe, siwezi." Naye, uso wake umo ndani ya ngozi, akajibu, "Endelea tu, Mama. Ndivyo ninavyopima. Nijulishe utakapoushika mwiba wa kwanza." Nilipoushika jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya miti ya ng'ambo ya mto. Akasema, "Loo! Ni muda mrefu mno. Huo ni moto mkubwa." Kisha akasema, "Aa!", kwa sababu niliuvuta.

Na ni hapo hasa ambapo shemeji Halkano aliingia.

"Hiyo pete ni ya nini?"

"Ya kupimia," nikasema.

"Kupimia nini?"

"Uvimbe."

"Na huyu mwanamume aliyelala?"

"Ni Dresa."

"Na yeye anapima nini?"

Dresa akainua uso. "Mzee, naweza kueleza."

"Eleza ukiwa umesimama kama mwanamume!"

"Bado siwezi kusimama, Mzee."

Kabla ya adhuhuri Garsen nzima ilijua kwamba Dahabo amevishwa pete na dresa wa Kigiriama. Kesi ikapelekwa kwa Chifu Bonaya. Yeye na wazee wakaamuru pete itoke mbele ya watu. Wakapaka samli, haikutoka. Wakapaka sabuni, haikutoka. Kombe akajitolea kuvuta, akavuta mpaka akaanza kulia yeye. Mtu akasema ikatwe kwa tupa. Dresa akaruka: "Haikatwi! Ni mali ya serikali!" Akasema pete itatoka yenyewe siku moto wa kiungo utakapozimika, wala haitatoka kabla.

Chifu, hukumu yako siku ile wajukuu wetu wataisimulia. Ulisema: "Basi pete ndiyo shahidi. Ikitoka yenyewe kabla ya masika, mkono wa Dahabo u hai, ng'ombe ni wake, na Dresa hana kosa. Isipotoka, ng'ombe waende kwa Halkano, na Dresa aende kwao." Mnaona? Tangu hapo mimi na Dresa tulikuwa tumefungwa na pete kweli, ila si kama watu walivyodhani.

Daktari wa pwani alipopita na lori lake alivitazama viungo vyangu, akasikiliza hesabu za Dresa, akakubali. Akaagiza nipigwe sindano za dhahabu.

Nimesema dhahabu, na nimesema kweli. Ni dawa ya majimaji ambayo imetiwa dhahabu kidogo sana, nayo ilipigwa mahali ambapo sitapaonyesha kwenye mkutano. Lakini nendeni mkawaambie watu wa Garsen "kidogo sana"! Walilosikia ni kwamba Dahabo, ambaye jina lake tayari ni dhahabu, sasa anajazwa dhahabu.

Mzee Hersi mwenye duka, usiinamishe kichwa, hapa sote ni ndugu. Mzee Hersi alikuja kunipasha habari kwamba amekuwa akinipenda siku nyingi. Alikuja na kanga, na sukari, na tabasamu. Akauliza afya yangu, akauliza ng'ombe, kisha akauliza kwa upole, "Na ile dhahabu, Bi Dahabo, yakaa mwilini daima, au huwa yatoka?"

Nikamwambia sijui, amuulize Dresa. Hapo niliwasha moto mwingine. Maana kabla ya kila sindano Dresa alinitaka mkojo, akautia kwenye kichupa cha kioo, akaupasha juu ya taa ya spiriti. Alikuwa akiangalia kama utaganda na kuwa mweupe, jambo ambalo lingeonyesha kwamba dawa yaumiza figo. Lakini Mzee Hersi alichungulia dirishani, akaona taa, akaona kichupa chachemka, akaona Dresa anakitazama kwa makini dhidi ya mwanga. Akatoka mbio hadi sokoni. "Anaipika! Ile dhahabu yatoka kwa mkojo, na Mgiriama anaipika!"

Shemeji Halkano akasikia. Mali ya ukoo inapikwa na mgeni! Sindano iliyofuata alikuja kukaa mlangoni na mkuki. Dresa akamwambia, "Mzee, nikishaona niliyotaka kuona, uchukue tu, mimi sina haja nayo." Na Halkano, mwana wa Jaldesa, mtu ambaye babu zake walihukumu kesi za visima, alipita katikati ya Garsen akiwa amebeba kibuyu changu cha mkojo kwa mikono miwili, akitembea taratibu kisimwagike, huku watu wakimpisha njia.

Aliupikia katika sufuria ya Sadia. Sadia, mama, simama wakuone. Huyu ndiye aliyerudi kutoka mtoni akakuta jiko lake limekuwa vile. Shemeji alilala nje, na ile sufuria ipo mtoni mpaka leo. Alipoulizwa kama alipata dhahabu, alisema, "Nilipata harufu."

Mnacheka, na mimi nacheka. Lakini siku zile sikuwa nacheka sana. Dawa ile ni ya mwendo wa kinyonga. Sindano baada ya sindano, na pete palepale. Nikienda kivukoni watu wananiuliza kabla ya salamu, "Imelegea?" Nasema bado. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa bahari. Siku moja nilimwambia Dresa, "Tuache. Mwambie Halkano achukue ng'ombe, nawe ufungashe sanduku." Yeye pia uso wake ulikuwa mdogo. Hakunipa maneno ya kunifariji. Alinishika mkono, akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya viungo, akarudia, akarudia mara nyingine. Akasema, "Mama Dahabo, sikudanganyi. Pete haijalegea. Lakini joto limepungua. Mikono yangu imekwisha kuizoea mikono yako, nami nakwambia, hapa palikuwa na moto na sasa pana majivu ya moto." Nikamwamini? Nilitaka kumwamini. Nikarudi kwa sindano nyingine.

Na kweli, asubuhi moja nikafunga shuka kabla jua halijafika mitini. Siku nyingine nikashika mwiko bila kuufikiria. Ile zebaki nayo ikaanza kupanda, si sana, kama mbuzi mzee anayepanda kichuguu. Kisha, asubuhi ya mawingu mazito, nikakaa chini ya ng'ombe wangu mwekundu nikajaribu kukamua, naye hakupiga teke. Alisimama. Maziwa yakapiga kibuyu, nami nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake, nikalia mpaka nikamlowesha.

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikutazama kidole. Nikapeleka maziwa yangu kwa Mzee Hersi, ambaye huchemsha chai dukani, nikarudi. Nilipokuwa nasukutua kibuyu ndipo nilipoona kidole kitupu.

Nikakimbia. Mimi, Dahabo, nikakimbia! Nilifika dukani nikamkuta Chifu Bonaya amekaa na kikombe, amekishika kwa vidole viwili kama kawaida yake ya heshima, akasema, "Bi Dahabo, karibu, chai ya leo ni..." Tukasikia *ka!*

Chifu, naomba radhi tena mbele ya Bwana DC. Lakini hakimu gani mwingine katika nchi hii amepata ushahidi ndani ya kinywa chake? Uliitema pete kiganjani, na nusu ya jino pamoja nayo. Ukaitazama. Ukanitazama. Na damu yakutoka mdomoni, ukasema, "Imetoka yenyewe. Kethi imekwitha."

Halkano aliitwa. Hakubishana. Alisema anataka kuona kwa macho, nikamkamulia ng'ombe mbele yake, akanywa kile kibuyu chote. Alipomaliza akapangusa masharubu, akasema, "Ng'ombe wabaki." Kesho yake nilimkuta anatengeneza lile ua la miiba pale Dresa alipoliparamia. Shemeji, sijawahi kukushukuru kwa ua lile. Nakushukuru leo.

Mvua ikanyesha baada ya hapo. Mzee Hersi naye alipoelezwa kwamba dhahabu yote mwilini mwangu haifiki hata kipini cha pua, alikuja kuchukua kanga yake. Nilikuwa nimekwisha kuivaa. Nimeivaa hata leo.

Sitaki mwende nyumbani mkidhani nimepona kama asiyewahi kuugua. Hivi vidole viwili vimepinda na havitanyooka. Dresa aliniambia mapema, wala hakunipamba kwa uongo. Ugonjwa umelala, nao waweza kuamka. Siku nyingine waamka. Lakini nakamua, na nafungua milango kwa mikono.

Nina neno moja la mwisho. Dada yangu mkubwa, Sabdio, amekuja jana kutoka Tarasaa, amekaa juu ya punda njia nzima. Alisema amekuja kwa pilau. Dada, nimekutazama tangu nilipoanza kusema. Kila mtu hapa amepiga makofi isipokuwa wewe. Mikono yako umeificha chini ya shuka, na sahani uliyowekewa hujaigusa, wasema umeshiba.

Bwana DC, najua lori lina safari ndefu, na njia ya Witu ina matope. Naomba lingoje. Dresa mpya, uliyeletwa kushika nafasi ya Mwaringa, nakukaribisha, njoo nawe utazame. Na Dresa Mwaringa, kabla ya Lamu, una mgonjwa mmoja. Lete pete zako.

Wageni wetu, kwa subira yenu na kwa masikio mliyoniazima, Mungu awalipe kheri. Sogeeni kidogo pale katikati. Mpisheni Dresa apite.